Jini Kamrudishia Kila Kitu: Kitabu cha Mwisho Kinavyoharibika

Msomaji amefuata mfululizo wa mapenzi na majini tangu kitabu cha kwanza, amekesha na cha tatu, amesubiri cha nne mwaka mzima, halafu anakifunga na kusema, "Yaani ndio hivi tu?" Ukimuuliza kilichomuudhi, mara nyingi atataja kitu ambacho sicho chenyewe. Atasema kitabu ni kifupi, vita havikunoga, au fulani hakupaswa kufa. Mpe kitabu kirefu zaidi, chenye vita vikali na fulani akiwa hai, bado atanuna. Kilichovunjika kiko kwingine, nacho ni bei.

Mapenzi ya binadamu na jini huwa na bei inayotajwa mapema. Bila bei hakuna hadithi. Kuna vijana wawili wanapendana, na mmoja wao anajua kupotea, basi. Kitabu cha kwanza hutaja bei, vya katikati huidai kidogo kidogo, cha mwisho ndicho cha kuilipa. Sasa vitabu vya mwisho vinavyochefua ni vile vinavyomrudishia mpenzi kila alichokitoa, bure, zikiwa zimebaki kurasa ishirini. Msomaji aliyelia kwenye kitabu cha pili anaambiwa kwa adabu kwamba alilia bila sababu.

Ngano zetu zilikuwa makini na jambo hili. Katika kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 kwenye mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, maskini Hamdani anachakura jaani, anaokota kipande cha fedha, anamnunua paa, na paa anasema. Paa anaokota almasi, anakwenda kumposea bwana wake binti Sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba ya nyoka yule. Paa anapougua, Hamdani anamnyima chakula cha maana, na paa anakufa. Mwishoni mke anaota yuko kwao, anaamka yuko kwao kweli. Hamdani naye anaota anachakura jaa, anaamka yuko jaani. Mistari michache tu, na sijapata kusikia mtu akisema mwisho ule umekatishwa. Vyote alivyokuwa navyo Hamdani vililetwa na paa, paa kaondoka, vimeondoka naye.

Tusizungumze hewani. Tuchukue mfululizo wa kubuni, vitabu vinne, tuuweke hapa hapa Kigoma, tuone unavyojengwa na unavyobomoka.

Tatu ni binti wa mama anayeanika dagaa Kibirizi. Seifu ni jini wa Ziwa Tanganyika. Sharti la kwanza ni kwamba Seifu hupanda nchi kavu kwenye giza tu, yaani nyakati zile zile ambazo wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, watu wanashona nyavu, na Seifu lazima awe ndani ya maji, la sivyo anakuwa mtu na ziwa linafutika kichwani mwake. La pili, kila anapopanda, Tatu hupoteza kumbukumbu moja, wala hachagui ipi. La tatu linaonekana kwenye kitabu cha pili. Tatu anapanda treni kwenda kusoma Tabora, kilomita zipatazo 400, Seifu anamfuata kwa kupanda Mto Malagarasi kuanzia mdomoni kule Ilagala, na akifika Uvinza anakwama. Chumvi ya pale, ambayo watu walikuwa wakiichemsha na kuifanyia biashara tangu kabla ya wakoloni, inamchoma na kumfungia njia.

Masharti yote matatu yametoka mahali penyewe, na huo ndio mwanzo mzuri wa kazi ya aina hii. Lakini ukishachukua mwezi kuwa sharti, umejitia kwenye hesabu ambayo msomaji wa Ujiji ataikagua. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Ukiandama leo, usiku wa kumi na nne unakuwa mpevu, na mwezi mpevu huchomoza jua likizama. Kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Kwa hiyo siku tatu baada ya mpevu, kati ya kuzama jua na kuchomoza mwezi pana saa mbili na nusu hivi. Hapo pana tukio zima la mapenzi, na lina saa yake ya kengele: Seifu amepanda, anajua ana saa mbili na nusu, na msomaji anajua pia. Mtunzi mvivu huandika "usiku ule mwezi uling'aa" kila anapotaka mahaba, na akifika kitabu cha nne amekwisha kung'arisha mwezi mpevu mara tatu ndani ya mwezi mmoja.

Tena mwezi huchomozea mashariki, nyuma ya vilima vya mjini, na ziwa liko magharibi. Anayeandika kwamba Tatu alisimama Kibirizi akaona mwezi ukichomoza majini, amemhamishia Tatu upande wa Kongo bila nauli. Na kwa kuwa tumeshuka huko: ziwa lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, lakini chini ya mita mia mbili hivi maji hayana oksijeni. Jumba la mfalme wa majini likijengwa kwenye kilindi, samaki hawatapita dirishani. Majini hawana shida, wao ni majini. Migebuka haipo huko.

Haya, kitabu cha nne kimetoka. Kinaharibika vipi?

Kwanza kwa idadi ya wasimulizi. Kitabu cha kwanza kilikuwa na Tatu peke yake, tuseme maneno 80,000, yote tuliyaona kwa macho yake. Cha pili kikamwongeza Seifu. Cha tatu kikamleta mdogo wake Seifu, rafiki wa Tatu wa Tabora, na nahodha mmoja mzee ambaye wasomaji walimpenda. Cha nne kina maneno 100,000 na wasimulizi sita. Gawanya mwenyewe: kila mmoja anapata kama 16,700. Tatu, tuliyeishi naye kitabu kizima, sasa ana nafasi ya kusimulia kama moja ya tano tu ya ile aliyokuwa nayo mwanzoni. Msomaji anasema "Tatu amebadilika, simwelewi tena". Hajabadilika, ameondolewa mezani. Dawa yake ni ya kikatili kidogo: kwenye kitabu cha mwisho usiongeze msimulizi hata mmoja, na wale wa kitabu cha tatu wanyang'anye sura zao. Watu waendelee kuonekana, ila kwa macho ya Tatu au ya Seifu. Nahodha mzee anapendwa kwa sababu tunamwona kwa nje. Ukimwingia kichwani anakuwa mzee wa kawaida mwenye maumivu ya mgongo.

Pili, wapenzi wanatenganishwa. Vita vya wafalme wa majini vinaanza, Seifu yuko kilindini, Tatu yuko Kibirizi, na wanakutana tena sura ya arobaini. Sababu inaeleweka. Kitabu cha tatu kilimaliza swali la "je, wanapendana?", mtunzi hana tena mvutano ndani ya penzi, basi anautafuta kwa umbali. Lakini aliyenunua kitabu cha mapenzi alinunua watu wawili ndani ya chumba kimoja. Hesabu sura ambazo wako pamoja; zikipungua nusu, kitabu kimehama aina. Mvutano mpya ulikuwepo, tena mkali, ndani ya sharti la pili. Kufikia kitabu cha nne Tatu hakumbuki tena walivyokutana. Anampenda Seifu, ila hajui ni kwa nini. Anayejua kisa chote ni Seifu peke yake, maana yake yeye ndiye msimulizi wa penzi lao, na akitaka anaweza kusema uongo. Atamwambia Tatu kwamba siku ya kwanza alimdanganya? Au ataikata sehemu hiyo? Hapo pana sura kumi bila upanga hata mmoja, na zinawataka wote wawili wawe chumba kimoja. Mtunzi anayeruka hazina hiyo kwenda kueleza jeshi la majini lilivyojipanga, mimi simwelewi.

Kutoelewana kwa kulazimisha nakupitia haraka. Tatu anamwona Seifu ufukweni na jini wa kike, hamuulizi, anapanda treni, sura kumi na moja baadaye anaambiwa yule ni dada yake. "Wewe Seifu, yule nani?" ingemaliza. Na Tatu huyu huyu, kwenye kitabu cha kwanza, alimfokea mnunuzi mbele ya soko zima kwa kumpunja debe la dagaa. Leo amepata wapi aibu?

Kuoanisha kila mtu mwishoni nako ni uvivu tu. Mpaka nahodha mzee anaolewa na mjane ambaye tulimwona mara moja akiuza mawese. Samahani, anamwoa. Lakini mambo yenyewe yanavyokwenda mbio, hata mtunzi angekosea.

Adui anakufa kwa ukurasa mmoja. Kosa hili hufanyika kwenye kitabu cha tatu na huonekana kwenye cha nne. Ili cha tatu kitishe, mfalme wa majini alipewa nguvu zisizo na mpaka: anazamisha meli kwa kuinua kidole, anasoma mawazo, hafi. Adui wa namna hiyo hashindwi kwa njia halali, basi inabidi aangushwe kwa muujiza. Adui naye apewe sharti, na sharti lake litajwe angalau kitabu kimoja kabla halijamwangusha. Kama chumvi inamzuia Seifu, kwa nini isimzuie mfalme wake?

Tufike sasa kwenye donda lenyewe, damu ya kifalme. Ukurasa wa 380 kati ya 420, bibi yake Tatu anafunua siri: ukoo wao una damu ya majini, hivyo masharti hayakuwahi kumhusu Tatu, alikuwa hajaamka tu. Tatu anaamka, mwanga unamtoka viganjani, mfalme anakauka, kumbukumbu zote zinarudi, pamoja na ile ya marehemu baba yake ambayo kupotea kwake kulitufanya tulie kimya kwenye kitabu cha pili. Watunzi wanaipenda njia hii kwa kuwa inaziba matundu yote kwa kiraka kimoja. Tatizo ni kwamba inarudi nyuma na kuharibu vitabu vitatu vilivyokuwa vizuri. Ukivisoma upya unajua kwamba kila alichopoteza Tatu kiliwekwa amana.

Wengine hujitetea kwamba siri ilidokezwa, na ukifuatilia unakuta kidokezo kiko mwisho wa kitabu cha tatu. Hicho si kidokezo, ni tangazo. Kipimo ninachokiamini ni hiki: kitu kitakachookoa mwishoni kiwe kimeonekana mara tatu kabla, mara moja iwe kitabu cha kwanza, na mara moja kiwe kimeleta madhara au kimeshindwa kazi. Damu ya kifalme haipiti hata kwa upendeleo. Chumvi inapita ukiiweka mapema, kwa mfano mama yake Tatu aitupe mlangoni kwenye kitabu cha kwanza kwa sababu anazozijua mwenyewe. Kwenye kitabu cha pili imemwumiza Seifu. Cha nne ingefanya kazi. Badala yake chumvi imesahauliwa, haitajwi hata mara moja, na msomaji aliyekumbuka Uvinza ndiye anayeonekana mjinga.

Mfano wa karibu, ambao wengi hapa wameuona kwenye banda umiza kuliko kuusoma, ni Breaking Dawn ya Stephenie Meyer, kitabu cha nne cha mfululizo wa Twilight, kilichotoka mwaka 2008, ambamo msichana Bella anampenda mnyonya damu. Walioudhika wengi walitaja vita: Volturi, watawala wa wanyonya damu, wanakuja, pande mbili zinakabiliana kwenye theluji, halafu maneno yanaongewa na watu wanaondoka. Waliotengeneza filamu walilijua lalamiko hilo. Sehemu ya pili ya filamu, mwaka 2012, ilipachika vita kamili, vichwa vinang'oka, kisha ikaonyesha kwamba yote yalikuwa maono ya Alice, mnyonya damu anayeona yajayo. Mimi vita havinisumbui, mazungumzo ni mwisho halali. Kinachonisumbua ni bei. Vitabu vya nyuma vilituonya kwamba mtu akigeuzwa mnyonya damu huwa mnyama wa kiu kwa muda mrefu, na kwamba Bella angelazimika kuwaacha wazazi wake. Bella anageuzwa, anajizuia kiu karibu mara moja, na baba yake anaendelea kuja kumwona. Onyo la vitabu vitatu limeyeyuka. Na Jacob, kijana mwingine aliyempenda Bella akakataliwa, anafungwa kwa uchawi kwenye mtoto mchanga wa Bella ili pembe ya tatu isibaki na maumivu. Huko ni kumrudishia kila mtu chenji yake.

Sasa kwa nini watu wenye kipaji wanafika hapo? Kwa upande wa simulizi zetu za simu, sababu kubwa ni namna zinavyouzwa. Simulizi inatoka kwa sehemu, tuseme maneno 1,000 kila moja, kila sehemu inaishia kwenye kishindo na "itaendelea". Kila kishindo ni deni. Simulizi ya sehemu 60 ina madeni kama 60, na yale ya mwanzo hayarekebishiki, yameshasambaa kwenye magrupu. Mtunzi wa kitabu akigundua kwenye sura ya 50 kwamba chumvi inahitajika, anarudi sura ya tatu kuipanda. Wa simulizi hawezi, basi anamleta bibi na siri yake. Ongeza na biashara: sehemu za mwanzo ni bure, za mwisho zinalipiwa. Hiyo inamvuta mtunzi anyooshe katikati ili watu wazoee, kisha mwisho auandike haraka kwa sababu pesa imeshaingia na simulizi mpya inasubiri kuanzishwa. Halafu kuna maoni. Wasomaji mia mbili wakiandika "usimuue Seifu tafadhali", anayeishi kwa sehemu ijayo atasikia.

Si jambo la leo. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens naye alikuwa akitoa kwa sehemu za kila wiki. Mwisho wa Great Expectations, 1861, aliuandika kwanza Pip na Estella, msichana anayempenda, wakiachana, kisha kwa ushauri wa rafiki yake Bulwer-Lytton akaubadilisha kabla haujachapishwa, wakabaki na tumaini la kuwa pamoja. Watu wanabishana mpaka leo upi ni bora. Lakini tazama alichobadilisha: mkutano wa mwisho tu. Miaka aliyopoteza Pip hakurudishiwa, wala fedha.

Anayeandika, na Kigoma na Tabora wapo wengi kuliko maduka ya vitabu, aanze na kaunta buku moja ya madeni. Chora safu tano: ahadi yenyewe, ilipotajwa, ilipoguswa mara ya mwisho, itakapolipwa, na nani atakayeilipa. Hiyo ya tano ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo muhimu. "Kumbukumbu za Tatu, kitabu cha 1 sura ya 4, kitabu cha 3 sura ya 20, kitabu cha 4 sura ya 38, mlipaji: Seifu." Ukishaandika jina la mlipaji, bibi wa siri hana pa kupitia. Kwenye simulizi, deni ambalo halijaguswa kwa sehemu 15 ligusie kwa sentensi moja, hata kama ni mama anafagia chumvi mlangoni.

Kabla ya kuanza kitabu cha mwisho, hesabu madeni yaliyo wazi. Deni kubwa linahitaji tukio la maneno kama 2,000 ili lilipwe kwa heshima. Madeni 12 ni maneno 24,000, robo ya kitabu cha 100,000, na hiyo inabebeka. Ukikuta 30, huna kitabu kimoja cha mwisho, una viwili, au una kazi ya kuunganisha madeni: tukio moja lilipe matatu kwa pamoja. Madogo yalipe mapema, ndani ya theluthi ya kwanza, ili yasije kusukumana mlangoni na makubwa. Pigo kuu likae karibu na neno la 85,000. Vitabu vingi vinavyoudhi huliweka kwenye la 96,000, kisha maneno 4,000 yanabeba msiba, harusi, mfalme mpya na safari. Msomaji anahitaji kama maneno 10,000 ya kukaa na wale wawili baada ya vumbi kutulia, maana hicho ndicho alichokuwa akikisubiri tangu kitabu cha kwanza.

Na mwisho wa Tatu na Seifu ungekuwaje? Kwa masharti yale yale naona njia tatu. Seifu anaweza kurudi kilindini moja kwa moja. Tatu anabaki na kumbukumbu zilizosalia na hapotezi nyingine. Ni halali, ila ni baridi. Au Tatu anatoa kumbukumbu ya Seifu mwenyewe ili vita viishe, naye Seifu anabaki na uchungu wa kupanda usiku wa giza kama mgeni, akijua kila anapopanda anamgharimu. Hii wasomaji wataililia, na mtunzi mwenye tamaa ataifanya mlango wa kitabu cha tano. Ya tatu ndiyo ningeichagua. Mwezi unakaribia kuchomoza, Tatu anamwaga gunia la chumvi ya Uvinza kati ya Seifu na maji. Seifu amekubali. Hawezi kurudi, na kitabu cha kwanza kilishasema jini akikutwa na mbalamwezi nchi kavu anakuwa mtu, na ziwa linafutika kichwani mwake. Sasa wote wawili wana mashimo. Yeye hakumbuki mama yake wala lugha ya kilindini, Tatu hakumbuki walivyokutana, na aliyejua njia ya kwenda kwa mfalme hayupo tena, kwa hiyo vita lazima viwe vimemalizwa kabla ya chumvi kumwagwa. Masharti yote matatu yametumika, wote wawili wamelipa, na wako pamoja.

Msomaji ambaye hajalipia sehemu za mwisho anaweza kujipima mapema. Ikiwa imebaki robo ya simulizi na bado wanaingizwa watu wapya wenye majina, shika pesa yako. Mtu akifa na kufufuka zaidi ya mara moja, shika. Kama sharti la uchawi limevunjwa katikati na hakuna aliyeumia, shika kwa mikono miwili, kwa sababu mwishoni litavunjwa tena. Uliza waliomaliza swali moja tu, lisiloharibu utamu: "Kuna mtu alipoteza kitu asirudishiwe?" Wakisitasita kujibu, umejibiwa.

Limebaki hitimisho, lile la "miaka mitano baadaye". Liwe fupi, maneno 1,500 yanatosha, na lisimulie siku moja ya kawaida badala ya kutoa taarifa ya kila mtu alipo. Angalia umri. Tatu alikuwa na miaka 19 kwenye kitabu cha kwanza, vitabu vinne vimechukua miaka miwili na nusu, kwa hiyo sasa ana 26 au 27, si "mama wa makamo". Mtoto akiwa na miaka saba kwenye hitimisho la miaka mitano, wasomaji watahesabu, tena kwa sauti, na swali la kwanza kwenye grupu litakuwa la baba. Na kama Seifu sasa ni mtu, tukio hilo liweke usiku wa mwezi mpevu, wavuvi wakiwa nyumbani, na usitaje kwamba ni mpevu kwa mkazo wowote. Aliyesoma vitabu vinne ataona mwenyewe kwamba jamaa yuko nchi kavu siku asiyoruhusiwa.